Udhibiti wa usuperkondakta kwa umeme

Udhibiti wa usuperkondakta kwa umeme ni mbinu ya fizikia ambayo kwayo dutu nyembamba sana, yenye unene wa tabaka moja au matabaka machache ya atomi, hufanywa ipitishe umeme bila ukinzani wowote, au iache kufanya hivyo, kwa kubadilisha volti tu. Kemikali za dutu hiyo hazibadilishwi, wala hakuna sampuli mpya inayotengenezwa. Mtafiti huongeza au hupunguza volti, na kipande kilekile kilichokuwa kihami kinaweza kugeuka kuwa superkondakta.

Transista ya kawaida iliyomo ndani ya simu au redio huruhusu au huzuia mkondo wa umeme. Katika mbinu hii kinachowashwa na kuzimwa ni usuperkondakta wenyewe. Majaribio ya kwanza yalifanyika mwaka 1960, lakini mafanikio makubwa yalikuja baada ya watu kujifunza kutenga tabaka moja la atomi, na hasa baada ya mwaka 2018 ilipogunduliwa kwamba matabaka mawili ya grafini yaliyopishana kwa pembe ndogo huwa superkondakta.

Superkondakta ni dutu ya namna gani

Waya wa shaba unaopitisha umeme hupata joto. Elektroni zinazosafiri ndani yake hugongana na atomi zinazotikisika na kasoro za fuwele, na nishati yao hupotea. Kizuizi hicho ndicho ukinzani. Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes, mwanafizikia wa Uholanzi aliyefanya kazi mjini Leiden, alipoza zebaki kwa heli ya kimiminika akaona kwamba karibu na kelvini 4.2, yaani takriban nyuzi -269 za Selsiasi, ukinzani wake ulitoweka ghafla. Halijoto ambapo jambo hilo hutokea huitwa halijoto ya mpito, na kila superkondakta ina yake. Mkondo ulioanzishwa ndani ya pete ya superkondakta huendelea kuzunguka bila betri.

Maelezo yaliyokubaliwa yalichelewa hadi mwaka 1957, yalipotolewa na Wamarekani watatu: John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Elektroni zote zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Lakini elektroni inapopita kati ya ioni chanya za fuwele, huzivuta kidogo kuielekea. Ioni ni nzito na hurudi mahali pake polepole, hivyo elektroni ya kwanza ikiisha kwenda zake, bado pamebaki sehemu yenye chaji chanya iliyozidi kidogo. Elektroni ya pili huvutwa na sehemu hiyo. Kwa njia hiyo elektroni mbili hufungamana na kuwa jozi, ingawa zenyewe hazipendani. Jozi zote katika dutu husafiri kwa mwendo mmoja kama kikosi kwenye gwaride. Kikwazo kidogo hakiwezi kumtoa askari mmoja nje ya mstari, kwa sababu ingebidi kukivuruga kikosi kizima. Joto likizidi jozi huvunjika, na ukinzani hurudi.

Mashine za MRI katika hospitali kubwa hutumia sumaku za namna hii. Waya zake, kwa kawaida mchanganyiko wa niobi na titani, huzamishwa katika heli ya kimiminika. Heli haipatikani kila mahali duniani, na ndiyo maana taarifa ya mwaka 2016 kuhusu gesi hiyo katika bonde la Rukwa, Tanzania, ilikuwa na maana kwa hospitali na maabara za fizikia pia.

Idadi ya elektroni

Dutu ikiwa superkondakta au isiwe, na halijoto yake ya mpito iwe juu au chini, hutegemea kwa kiasi kikubwa idadi ya elektroni zilizo huru kutembea ndani yake. Njia ya zamani ya kubadilisha idadi hiyo ni ya kikemia. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, waliokuwa katika maabara ya IBM karibu na Zürich, walitumia njia hiyo: walichukua oksidi ya shaba na lanthani, wakaweka bari mahali pa baadhi ya atomi za lanthani, wakapata superkondakta yenye halijoto ya mpito ya juu kuliko zote zilizokuwa zinajulikana wakati huo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata.

Ubaya wa njia ya kikemia ni kwamba kila kiasi cha elektroni kinahitaji sampuli yake. Atakayetaka kupima viwango ishirini hana budi kupika fuwele ishirini, na hakuna fuwele mbili zinazofanana kabisa. Tena atomi ngeni zinazoingizwa huvuruga mpangilio wa fuwele. Tofauti ikionekana kati ya sampuli mbili, ni vigumu kusema kama imeletwa na elektroni au na uchafu.

Njia ya umeme inatokana na kapasita inayofundishwa shule ya sekondari. Mabamba mawili ya kupitisha umeme yakitenganishwa na kihami, volti kati yake hukusanya chaji chanya upande mmoja na chaji hasi upande wa pili. Sasa bamba moja liondolewe, na mahali pake iwekwe dutu inayochunguzwa. Bamba lililobaki huitwa geti. Volti chanya kwenye geti huvuta elektroni ziingie katika dutu. Volti hasi huzifukuza. Sampuli ni moja, na mtafiti anaweza kupima viwango mia kwa alasiri moja.

Kwa nini basi jambo hili halikufanyika mapema kwa waya wa kawaida? Hesabu inajibu. Geti lililotenganishwa na sampuli kwa silika yenye unene wa nanomita 300 huleta, kwa volti 100, takriban elektroni trilioni 7 kwa kila sentimita ya mraba. Ni nyingi kwa kusikia, lakini tabaka moja tu la atomi za shaba lina zaidi ya elektroni huru trilioni 1,000 katika eneo hilohilo. Kinachoongezwa hakifiki hata asilimia moja. Isitoshe, elektroni za metali hujipanga upya usoni na kuuzuia uga wa umeme usipenye ndani. Huishia chini ya nanomita moja. Metali nene ni kama tangi kubwa linalotiwa maji kwa kijiko. Ili mbinu ifanye kazi, dutu lazima iwe nyembamba kiasi kwamba uso wake ndio mwili wake wote, na iwe na elektroni chache tangu mwanzo.

Majaribio ya awali

Mwaka 1960 Rolfe Glover na M. D. Sherrill walijaribu kwa utando mwembamba wa bati na wa indi. Halijoto ya mpito ilibadilika kweli, lakini kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya kelvini. Wazo lilithibitika, faida haikuonekana.

Miaka arobaini baadaye mbinu hii iliingia katika kashfa kubwa. Jan Hendrik Schön, Mjerumani aliyefanya kazi katika Bell Labs nchini Marekani, alitangaza kati ya mwaka 2000 na 2001 kwamba kwa kutumia geti alikuwa ameigeuza fuwele ya fulerini, yaani molekuli za kaboni zenye umbo la mpira, kuwa superkondakta kwenye kelvini 52, kisha kelvini 117. Majarida ya Nature na Science yalichapisha makala hizo. Maabara nyingine zilijitahidi kurudia kazi hiyo zikashindwa, na wanafunzi wa udaktari walipoteza miaka wakidhani kosa ni lao. Mwaka 2002 wanafizikia wengine waligundua kwamba michoro ya majaribio tofauti ilikuwa na mitikisiko midogo inayofanana nukta kwa nukta, jambo lisilowezekana katika vipimo halisi. Kamati iliyoongozwa na Malcolm Beasley wa Chuo Kikuu cha Stanford ilimkuta na makosa ya kughushi takwimu katika mambo 16. Alifukuzwa kazi, na makala zake nyingi ziliondolewa.

Wazo lenyewe la kutumia geti halikuwa na kosa. Kilichoghushiwa ni matokeo. Hata hivyo kwa miaka kadhaa mtu aliyetamka maneno "superkondakta kwa geti" alitazamwa kwa mashaka, na waliofuata walilazimika kuonyesha ushahidi mzito kuliko kawaida.

Ushahidi huo ulianza kuja mwaka 2007 na 2008. Kundi lililoongozwa na Jean-Marc Triscone mjini Geneva lilichunguza mpaka kati ya fuwele mbili ambazo kila moja ni kihami: aluminati ya lanthani na titanati ya stronti. Kwenye mpaka huo kuna utando wa elektroni chache, na chini ya takriban kelvini 0.2 utando huo huwa superkondakta. Mwaka 2008 kundi hilo lilionyesha kwamba volti ya geti huwasha na kuzima hali hiyo.

Kimiminika cha ioni

Nchini Japani kundi la Yoshihiro Iwasa na Masashi Kawasaki lilifuata njia nyingine. Tatizo la kihami kigumu ni kwamba volti ikizidi, hupasuka kwa cheche. Wajapani waliweka juu ya sampuli elektroliti, dutu iliyojaa ioni chanya na hasi zinazoweza kutembea. Volti ikiwekwa, ioni za aina moja husogea na kujipanga juu kabisa ya sampuli, kwa umbali wa nanomita moja hivi. Hiyo ni kapasita nyembamba kupita zote zinazoweza kutengenezwa kwa mkono, na hukusanya elektroni trilioni 100 au zaidi kwa sentimita ya mraba. Mwaka 2008 waliigeuza titanati ya stronti, ambayo ni kihami, kuwa superkondakta kwenye kelvini 0.4.

Mwaka 2012 Jianting Ye, Iwasa na wenzao walitumia kimiminika cha ioni juu ya disulfidi ya molibdeni (MoS2). Dutu hii ni madini ya asili yenye matabaka yanayoteleza, na mafundi huitumia kama kilainishi ndani ya grisi. Kwa asili ni nusukipitishi. Elektroni zilipofikia takriban trilioni 70 kwa sentimita ya mraba, usuperkondakta ulianza. Zilipofikia trilioni 120, halijoto ya mpito ilipanda hadi kelvini 10.8, zilipoongezwa zaidi, ilishuka tena. Mchoro wake una umbo la kuba. Kwa kemia, yaani kwa kuingiza metali za alkali kati ya matabaka, MoS2 ilikuwa imefika kelvini 7 tu, kwa kuwa sehemu ya juu ya kuba haikuwa imefikiwa. Selenidi ya chuma nayo, katika vipande vyembamba, imepandishwa na geti kutoka chini ya kelvini 10 hadi zaidi ya 40.

Kimiminika cha ioni hakifai kuitwa swichi, ingawa magazeti huiita hivyo. Chini ya takriban kelvini 200 huganda na ioni haziwezi tena kusogea. Anayetaka kubadilisha volti lazima apashe sampuli joto, abadilishe, kisha apoze upya. Pia ioni zinaweza kupenya ndani ya sampuli au kuiondolea oksijeni, na hapo kemia inakuwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Grafini iliyopishana kwa pembe

Grafini ni tabaka moja la atomi za kaboni zilizopangwa kama sega la nyuki. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester, Uingereza, waliitenga kutoka grafiti, dutu iliyomo katika penseli, kwa kutumia utepe wa gundi wa kawaida. Grafini pekee si superkondakta.

Anayekunja chandarua mara mbili na kukitazama dhidi ya mwanga huona mistari na madoa makubwa ambayo hayamo katika chandarua chenyewe. Yanatokana na matundu ya kitambaa cha juu kutolingana na ya kitambaa cha chini. Pembe kati ya vitambaa ikipungua, madoa huwa makubwa zaidi. Matabaka mawili ya grafini yakiwekwa moja juu ya jingine kwa pembe ya nyuzi 1.1 hufanya hivyohivyo: umbali kati ya doa na doa ni karibu nanomita 13, wakati mpangilio wa atomi wenyewe hujirudia kila robo ya nanomita.

Mwaka 2011 Rafi Bistritzer na Allan MacDonald wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walipiga hesabu wakaona kwamba kwenye pembe hiyo mwendo wa elektroni unapungua karibu kusimama. Elektroni zinazokwenda kasi hazijali sana kusukumana. Zinazokwenda polepole mahali pamoja hazina budi kujaliana, na hapo mambo mapya huzaliwa. Pembe hiyo iliitwa pembe ya ajabu. Mwaka 2018 Pablo Jarillo-Herrero, Yuan Cao na wenzao katika chuo cha MIT walitangaza kwamba kwa kiasi fulani cha elektroni sampuli ilikuwa kihami, na geti lilipobadilisha kiasi hicho kidogo, ilikuwa superkondakta yenye halijoto ya mpito ya kelvini 1.7. Jarillo-Herrero, Bistritzer na MacDonald walipewa Tuzo ya Wolf ya fizikia mwaka 2020.

Hesabu ya hapo juu inaonyesha kwa nini geti la kawaida lilitosha. Kila doa lina eneo la nanomita za mraba 140 hivi, na elektroni nne kwa kila doa hujaza ngazi nzima ya nishati. Hizo ni chini ya trilioni 3 kwa sentimita ya mraba. Volti chache zinatosha kupita kutoka ngazi tupu hadi ngazi iliyojaa, bila kimiminika cha ioni na bila kupasha joto. Kihami kinachotumiwa ni nitridi ya boroni, nayo pia dutu ya matabaka.

Mchoro wa hali za grafini hii, kihami katikati na usuperkondakta pembeni mwake, ulikumbusha watu oksidi za shaba za Bednorz na Müller, ambazo bado hazijapata maelezo yanayokubaliwa na wote. Ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Kama jozi za elektroni katika grafini hufungwa na mtikisiko wa ioni, nadharia ya mwaka 1957 inatosha. Kama zinafungwa na msukumano wa elektroni zenyewe, maabara ina kifaa kidogo, safi, kinachogeuzwa kwa volti, cha kuchunguzia fumbo la tangu 1986. Kila upande una watetezi na vipimo vyake.

Dutu nyingine

Mwaka huohuo wa 2018 makundi mawili ya Marekani, moja la MIT na jingine la Chuo Kikuu cha Washington, yalionyesha kwamba tabaka moja la ditelluridi ya wolframu (WTe2) hugeuzwa na geti kuwa superkondakta chini ya kelvini 1. Ajabu yake ni kwamba bila elektroni za nyongeza tabaka hilo ni kihami ndani, lakini hupitisha umeme kwenye kingo zake. Hali mbili ambazo watu walidhani zitahitaji dutu mbili ziligusana ndani ya fuwele moja.

Mwaka 2021 grafini ya matabaka matatu ilionyesha usuperkondakta imara zaidi. Sampuli za namna hii hupewa mageti mawili, moja juu na moja chini. Yakisukuma pamoja, idadi ya elektroni hubadilika. Yakivutana, idadi hubaki ileile lakini uga wa umeme huipita sampuli wima na kuhamisha elektroni kutoka tabaka moja kwenda jingine. Mtafiti ana vitufe viwili badala ya kimoja. Mwaka huohuo kundi la Andrea Young huko Santa Barbara, California, lilipata usuperkondakta katika matabaka matatu ya grafini ya asili yasiyopishwa pembe hata kidogo, ingawa kwa halijoto ya takriban kelvini 0.1.

Katika mifano yote hiyo volti ikiondolewa, hali hurudi ilivyokuwa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba matabaka mawili ya ditelluridi ya molibdeni (MoTe2) yana kumbukumbu: chaji zake hujipanga juu au chini na kubaki hivyo. Pigo fupi la volti huzigeuza, na usuperkondakta huwaka au kuzimika na kukaa katika hali hiyo hadi pigo jingine. Kufikia mwaka 2025 orodha iliongezewa diselenidi ya wolframu, matabaka mawili yaliyopishana kwa nyuzi 3.65 katika Chuo Kikuu cha Cornell na nyuzi 5 katika Chuo Kikuu cha Columbia, yote chini ya nusu kelvini.

Matumizi na vikwazo

Hakuna kifaa cha biashara kinachotumia mbinu hii. Halijoto zinazohitajika ni za maabara, na nyaya za kupeleka umeme mijini hazihusiki hapa hata kidogo, kwa kuwa dutu ya tabaka moja haiwezi kubeba mkondo mkubwa. Tumaini liko katika vifaa vidogo sana. Kiungo cha Josephson, yaani superkondakta mbili zilizotenganishwa na pengo jembamba, ni sehemu muhimu ya aina moja ya kompyuta za kwanta, na kwa kawaida hutengenezwa kwa kuunganisha dutu tofauti. Mwaka 2021 watafiti wa Zürich na wa MIT, kila kundi kwa kazi yake, walitengeneza kiungo hicho ndani ya kipande kimoja cha grafini iliyopishana: mageti ya pembeni yalifanya ncha mbili kuwa superkondakta, na geti la katikati likaufanya ukanda wa kati usiwe. Kiungo kama hicho kinaweza kusogezwa au kufutwa kwa volti.

Kikwazo kinachowasumbua zaidi watengenezaji ni pembe. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi hutosha kudhoofisha au kuua usuperkondakta wa pembe ya ajabu, na grafini iliyowekwa kwa uangalifu hujiteleza yenyewe sampuli inapopashwa joto wakati wa matengenezo. Pembe hutofautiana hata ndani ya sampuli moja, upande huu na upande ule. Sampuli nyingi hutupwa kabla hazijafika kwenye jokofu la heli.